Walikuita Mtakatifu, Kisha Wakaenda Zao

Mama,

Nimekaa hapa nje ya nyumba, Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, Jumapili baada ya misa, na karatasi nimeng'oa katikati ya daftari la hesabu la mtoto. Sijawahi kukuandikia barua. Kwako Gilgil si mbali, na ulikuwa na simu. Nitafika kwa hiyo simu. Wacha kwanza nikupe habari za nyumbani.

Karoti zako zilivunwa. Maina alikuja wiki iliyofuata mazishi akazing'oa zote peke yake, na unajua vile huyo mtoto wako wa mwisho hapendi jembe. Ng'ombe yuko kwa jirani yako, Mama Brian, na amekataa kutoa maziwa kama zamani. Pale pako pa kuuzia karoti kando ya barabara kuu amekaa msichana wa viazi. Anapanga ndoo zake vibaya, viazi vidogo juu. Ungemgombeza mpaka alie.

Na Esta yuko hai. Najua hilo ndilo ulitaka kuuliza kwanza. Yuko hai, anakula, ni wewe umekufa, na bado sijajua nifanye nini na jambo hilo.

Nataka kuandika vile ilikuwa, kwa sababu watu wameanza kukusimulia vizuri kupita kiasi, na nikinyamaza hata mimi nitaanza kuwaamini.

Esta ndiye alituchukulia Baba. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa dereva wa lori, siku moja akarudi safari, lakini hakurudi kwetu. Alirudi kwa Esta, ng'ambo ya reli, na akakaa huko miaka kumi na moja. Ulikuwa ukipita na gunia la karoti mgongoni unamuona amekaa mlangoni pa huyo mwanamke akinywa chai. Nilikuwa nikitembea nyuma yako. Hukuwahi kugeuza kichwa, lakini shingo yako niliiona inavyokaza. Baba alirudi kwetu akiwa ndani ya sanduku. Wewe ndiye ulisema Esta asikanyage mazishi, na hakukanyaga. Kwa hivyo wakisema hukuwa na hasira, wanadanganya.

Halafu mwaka jana Esta akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakaisha. Hakuwa amezaa. Ulisikia sokoni kwamba amelala kwa nyumba yake mlango wazi, watu wakipita wanamtupia mkate kutoka mlangoni kwa sababu ya harufu. Uliniambia ulienda kuona tu. Hata nilidhani ulienda kufurahi, na sidhani nilikosea sana. Lakini jioni hiyo ulimleta nyumbani kwa pickup iliyobeba kabeji, ukamlaza kwa kile chumba nilichokulia mimi, kwa kitanda changu.

Hilo la kumleta hukuniambia. Niligundua Pasaka.

Nilikuja na watoto, nikiwa na unga wa chapati na soda. Ulikuwa umechinja kuku. Nikafungua mlango wa chumba changu kuweka begi, nikakuta umeinama juu ya karai, umekunja mikono ya sweta, unamuosha huyo mwanamke mgongo. Ulikuwa ukisema naye vibaya. "Geuka. Geuka nakwambia, sina siku nzima." Na machozi yalikuwa yakikutoka, Mama, lakini hayakuwa ya huruma. Niliyajua. Ni yale ulikuwa ukitoa ukikata kuni, wakati ule Baba alipoondoka.

Nikakuuliza umewezaje kumsamehe huyu. Ukakamua kitambaa. Ukasema, "Nani amekuambia nimemsamehe? Sijamsamehe. Namuosha tu. Hayo mengine nimeachia Mungu, akitaka."

Ningekuwa mtu wa maana ningechukua ile karai nikaenda kubadilisha maji. Badala yake nilisimama hapo mlangoni nikasema lile neno. "Chagua, Mama. Ni mimi ama ni yeye." Ulitumbukiza kitambaa tena kwa maji. Ukasema, "Wewe una miguu, Wambui." Nikachukua watoto na begi nikatoka. Kuku alikuwa bado jikoni kwa sufuria. Mtoto wangu mdogo alilia mpaka Naivasha akiuliza kwa nini hatujakula.

Kutoka Pasaka mpaka Agosti sikukanyaga kwako. Ulikuwa ukinipigia kila Jumapili, nami nikiona jina lako naweka simu kifudifudi. Mara ya mwisho ulipiga Jumanne. Tukiwa kwa greding, kule kupanga maua kwa ukubwa, simu zinabaki kwa kabati, hatuingii nazo kwa maua. Nilitoka saa kumi nikaona umenipigia. Jumanne si siku yako. Nilisimama hapo kwa geti ya shamba na gambuti zangu miguuni, nikasema wacha atulie, nitampigia Jumapili.

Alhamisi asubuhi ulikufa.

Sitawahi kujua ulitaka nini. Nimeuliza Mama Brian, nimeuliza Maina. Hakuna anayejua. Labda ilikuwa karoti. Labda ulibonyeza vibaya. Nikipanga waridi kwa meza, naanza kuhesabu mashina na kabla sijafika kumi nimerudi kwa hiyo simu.

Kwa mazishi, mchungaji wako alishika maikrofoni akasema, "Leo hatuziki mtu wa kawaida. Tunazika mtakatifu." Watu wote wakasema amina. Nikakumbuka wewe na mimi tulivyobishana siku nilipombatiza mtoto wangu wa kwanza. Ulikuja Naivasha ukakaa benchi la mwisho kwa kanisa letu la Katoliki, mikono umekunja, ukiangalia zile sanamu kama wezi. Padri akauliza jina la mtakatifu atakalopewa mtoto. Tulipotoka ukaniambia, "Hao wenu lazima kwanza wafe, wafanye miujiza, wakubwa wakae kikao, ndio wapewe cheo. Paulo aliwaandikia watu wa Korintho akawaita watakatifu, na walikuwa wanagombana na kulewa mpaka kwa meza ya Bwana. Mtakatifu ni mtu yeyote Mungu amesema huyu ni wangu." Nikakuuliza, basi hata wewe ni mtakatifu? Ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Uliza wale nawauzia karoti."

Kwa hivyo waliposema amina nilitaka kukupata na macho tucheke. Nikakuona umelala kwa sanduku.

Na nikaona kitu kingine. Mchungaji alipokuita mtakatifu, wale watu walipumua. Niliona kwa mabega yao. Ni kama wamekuweka juu kwa rafu, na mtu akiwa huko juu hakuna anayeulizwa mbona yeye hafanyi vile alivyofanya. Wakala wali, wakanawa mikono, wakapanga nani anapanda gari gani, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atamlisha Esta. Shangazi alikuwa amemfungia kwa chumba tangu asubuhi ili wageni wasimwone, na akamwekea redio ili wasimsikie.

Mimi pia sikuuliza. Niandike ukweli. Nilipita mlango huo mara nne nikibeba viti.

Jioni, watu wameisha, niliingia. Nilienda kuzima redio. Alikuwa amelowa, blanketi limeanguka, uso umegeukia ukuta. Nikaona mkono wake wa kushoto, ule mzima. Vidole vilikuwa vimefura kama vya mtu aliyeumwa na nyuki, na juu ya vifundo ngozi imetoka, damu imekauka nyeusi. Nikadhani ni wewe umempiga. Nisamehe. Ndicho kitu cha kwanza nilifikiri.

Nikaita Mama Brian. Akaja, akasimama na sufuria mkononi, na akaniambia kitu ambacho wiki nzima hakuna mtu aliona ni cha kuniambia.

Asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa akikamua ng'ombe wake akasikia mabati yanagongwa kwako. Akadhani Maina amekuja kupiga misumari. Yakagongwa. Yakanyamaza kidogo, yakagongwa tena, kwa muda mrefu, mpaka akaona hakuna fundi anayegonga hivyo. Alipofika alikukuta umelala kwa mlango wa chumba, uji umemwagika na umeshaganda. Esta alikuwa nusu kitandani, nusu chini, anapiga ukuta na ule mkono. Hakuwa na sauti ya kuita mtu, Mama. Alikuwa na mkono mmoja tu, na aliupiga mpaka ukapasuka. Damu bado iko kwa mabati. Niliiona mwenyewe nikaigusa.

Mimi nilikuwa na simu na sauti na miguu miwili.

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaosha ule mkono kidole kwa kidole. Alikuwa akilia na upande mmoja wa uso. Nikamuuliza, "Ulimuona akianguka?" Akafumba macho akatingisha kichwa ndiyo. Tukalia sisi wawili, mimi na mwanamke aliyetuchukulia Baba, kwa kitanda changu cha utoto, kwa sababu katika watu wote waliokuja siku hiyo ni yeye peke yake alikuwa amepoteza kitu kikubwa kama changu.

Asubuhi yake Mjomba alisema Esta apelekwe kwa nyumba ya wazee. Maina akasema huyo si mtu wetu. Nikajisikia nikisema nitaenda naye. Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Nilimpigia Joseph, na unajua mume wangu si mtu wa maneno. Aliuliza tu, "Kitanda tutaweka upande gani?"

Sasa yuko hapa, kwa vyumba vyetu viwili. Ziwa lilipanda likachukua nyumba za chini, sisi tuko salama huku juu, na kutoka mlangoni anaona maji. Watoto wamemzoea. Mkubwa anamsomea vitabu vya shule na kumrekebisha kana kwamba ni yeye anayesoma vibaya. Jirani mmoja anamuangalia nikiwa shifti, nami namuangalizia watoto wake akiwa shifti.

Lakini si rahisi, na sitaki ufikiri nimekuwa mtu mzuri. Nimempigia kelele. Wiki iliyopita nilitoka kazini nimechoka, nikakuta amejichafua wakati nimemaliza tu kufua, na nilimwacha hivyo. Nikaenda nikakaa nyuma ya tangi la maji nusu saa nikisema sitaki, sitaki, sitaki. Halafu nikarudi. Nikimwosha ndio nakuelewa. Nakuona umeinama juu ya ile karai, na najua sasa kwamba ile hasira haikukuzuia mikono.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, kwa jumuiya ya kanisa, mama mmoja alinishika bega akaniambia, "Wambui, wewe ni mtakatifu." Nikamjibu vibaya, sauti yangu ikatoka kama yako. Nikamwambia, "Hapana, usiniambie hivyo. Njoo Jumanne nikiwa kazini umgeuze." Nilijua nimeharibu. Lakini alikuja, Mama. Jumanne alikuja, na alibeba mafuta ya kumpaka mgongo.

Leo ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Padri amesema ni siku ya wale wote ambao hakuna aliyeandika majina yao popote. Nimekaa hapo nikibishana na wewe kichwani, na ajabu ni kwamba safari hii wewe ndiye ulikuwa unakataa. Ukitaja hasira yako, ukitaja vile ulimkataza mazishi ya Baba. Nami nikakuambia, basi ni nani? Mimi sijui mambo ya wakubwa na vikao vyao. Najua tu kwamba Mungu hakungoja moyo wako upone ndio akutume. Alikutuma ukiwa na kidonda, na ukaenda ukilalamika njia nzima. Kama watu wa hivyo si watakatifu, mimi sijui neno hilo ni la nani.

Nisamehe ile Jumanne. Hakuna siku nitaacha kuomba hivyo.

Nakuahidi kitu kimoja. Watoto wangu wakiuliza shosho wao alikuwa nani, sitawapa yule wa mchungaji. Nitawaambia ulikuwa na mdomo mkali, ulikasirika miaka mingi na ulikuwa na haki, na ulichota maji hata hivyo. Nataka wakujue ukiwa mtu, ili wasiseme hilo ni jambo la watu wengine.

Kwaheri, Mama yangu. Pumzisha mgongo.

Lazima niishie hapa, Esta ameamka. Wiki hii neno moja limemrudia, la kwanza tangu augue, na analisema siku nzima. Anasema, "Wambui." Sijui kama ananiita mimi, ama anakuita wewe, Mama Wambui, na hiyo nusu ya kwanza imemshinda. Sijamuuliza. Akiita, naitika.

Mtoto wako,
Wambui