Maua Chini ya Rangi

Jumatano usiku

Heri nisingegusa huo ukuta wa chumba cha Mama. Karatasi ya maua ilikuwa imechanika na kushika ukungu, sawa, lakini Mama amekuwa akiamka akiyaona maua hayo tangu marehemu Baba ayabandike. Na siku hizi kuna asubuhi ambazo hata jina langu linampotea.

Fundi wa rangi alinionya. "Madam, tubandue hii karatasi kwanza. Tukipaka juu, maua yatatokeza." Nikamwambia apake tu, kubandua kungechukua muda na Mama hawezi kulala sebuleni. Na kweli, rangi ilipokauka, kila ua lilikuwa limevimba chini yake. Nilikasirika, nikamwambia arudi kesho abandue karatasi yote.

Jioni nikamrudisha Mama chumbani. Akasimama mlangoni, kibeti mkononi.

"Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwako, Mama. Si ni hapa tu Kileleshwa?"

"Nipeleke nyumbani. Wenyewe watatukuta."

Akakataa kuketi. Akakataa chai. Nikaanza kufikiria, kama hii ndiyo siku anayopotea kabisa, na ni mimi nime...

Miguu ikamchoka, akashika ukuta asianguke. Vidole vikatulia hapo. Vikazunguka ua moja polepole, kisha la pili.

"Hili baba yako alilibandika kichwa chini," akasema, akaketi kitandani.

Nimemwandikia fundi asije. Sasa nangoja tu kuche, nione ataniita nani.