Kwa Daktari Honi, Aliyeyavalisha Mayai Helmeti

Ni mwaka mzima sasa, Daktari Honi, tangu utoke nyumbani ukisema unakwenda hapo tu na unarudi sasa hivi. Chai uliyosema ifunikwe, ilifunikwa. Tulikusubiri mpaka ikapoa.

Familia imekaa ikakubaliana kwamba siku hii isipite kimya, na mkeo ndiye aliyekabidhiwa kalamu. Mama yako mzazi akishika kalamu analia kabla ya kufika kwenye nukta ya kwanza. Mdogo wako, fundi pikipiki, alijaribu, akajaza ukurasa mzima habari za kabureta. Kwa hiyo anaandika mkeo, fundi cherehani, na unamjua kwamba hana maneno ya sukari. Wengine wakiandika kumbukumbu husema marehemu hakuwa na kasoro. Yeye amekataa katakata. Anasema ulikuwa mwema kupita kiasi na mbishi kupita kiasi, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyomwacha mjane.

Ulikuwa daktari wa mifugo, na ofisi yako ilikuwa kiti cha pikipiki. Sanduku la chanjo nyuma, mkoba wa dawa begani, viatu vya mpira mguuni hata kiangazi. Ng'ombe akishindwa kuzaa, ulikwenda. Mbwa akikwamwa na mfupa, ulikwenda. Ulikuwa unainuka mezani tonge likiwa mkononi, na mkeo akiuliza kama huyo mbuzi hawezi kusubiri mume wa mtu amalize kula, ulijibu kwamba mbuzi hana saa. Nyumba zote za barabara hii ya changarawe zilikujua kwa sauti kabla ya sura, maana ulipiga honi kabla ya kila kona, kabla ya kila zizi, na kabla ya kila kichaka chenye dalili ya mkia. Ndiyo maana jina lako la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu.

Ulikuwa mwalimu pia, ingawa hakuna aliyekuajiri kwa kazi hiyo. Kila ulipotia mafuta pale kwenye kituo cha pikipiki, uliwakusanya vijana wanaobeba abiria ukawapa somo lile lile, nao walilisikiliza wakichekea viganjani. Ulisema mnyama wa barabarani ni ndugu, na kila ndugu ana heshima yake. Ng'ombe ni mama mkwe: unampisha, unapita nyuma yake kwa adabu, humkatizi mbele. Punda ni babu, hapigiwi kelele, anasubiriwa mpaka amalize mawazo yake. Mbwa ni jirani mgomvi, ukimkimbia anakufuata, ukimrushia teke unaanguka wewe, ukipita taratibu ananyamaza. Kuku hana ukoo, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui anakwenda wapi. Na mbuzi ni shemeji. Anavuka kwa utani, anasimama katikati akuangalie, halafu anarudi alikotoka ili tu akukomoe.

"Na shemeji akitokea ghafla, Daktari?" waliuliza vijana, huku jibu wanalijua.

"Hakwepwi," ulisema. "Unanyoosha usukani, unabana breki zote mbili, unasimama. Mmoja akishavuka, usiondoke, mwenzake yuko nyuma. Anayekwepa mbuzi anakwenda kukumbatia mti."

Mdogo wako alilalamika mpaka akachoka kwamba shemeji wa kweli katika nyumba hii ni yeye, na hakupenda kufananishwa na mbuzi. Mkeo alimwambia avumilie, kwani na yeye akija kula huwa anaondoka halafu anarudi.

Helmeti ulivaa, hilo hatukunyimi. Uliivaa kwenye mvua na kwenye jua. Uliivaa hata ukiwa unaisukuma pikipiki yenye pancha. Siku ile mama yako mzazi alipokataa kuvaa ya abiria kwa kuogopa kuharibu nywele alizotoka kusukwa, ulimshusha njiani, yeye aliyekubeba tumboni, akafika nyumbani kwa miguu akiwa amekasirika kuanzia nje ya geti. Watu walisema daktari huyu hana mchezo na kichwa.

Balaa lako lilikuwa mayai.

Kila uliyemtibia kuku wake alitaka kukushukuru, na shukrani yenyewe ilikuwa mayai. Hukuweza kuyakataa, ulisema kumkatalia mtu shukrani ni kumtukana. Kwenye mkoba yangenuka dawa. Kwenye sanduku la chanjo ilikuwa mwiko. Mifukoni ulijaribu, na mkeo ndiye aliyeifua ile suruali. Mwishowe ukagundua ugunduzi wako mkuu: unavua helmeti, unaipindua, unaitandika nyasi kavu, unapanga mayai humo, unaitundika kwenye usukani, kisha unarudi nyumbani kichwa wazi, umenyooka kama umebeba mtungi.

"Kichwa chako na mayai, kipi kinapasuka vibaya?" mkeo aliuliza.

"Ni hapo tu, mke wangu. Na ni mwendo wa bibi harusi. Nani ameshawahi kuanguka kwa mwendo wa bibi harusi?"

Mkeo hakubishana nawe, alikaa kwenye cherehani. Alichukua turubai jipya, akaweka sponji ya godoro katikati, akagawa vyumba ndani, kila yai na chumba chake, akatia zipu, na mkanda wa kuufunga mfuko nyuma ya kiti. Kwa kuwa wewe ni mume wake na si mteja, akaongeza na maua ya uzi kwenye kifuniko. Hapo ndipo alipokosea. Uliupokea kwa mikono miwili, ukaugeuza, ukaunusa, ukawaonyesha majirani, kisha ukautundika nyuma ya mlango wa chumbani.

"Mfuko mzuri namna hii niutie mayai yenye kinyesi cha kuku?" ulisema.

"Ndiyo kazi yake."

"Utachafuka."

"Utafuliwa."

"Tuuache kwanza. Tutautumia siku ya maana."

Siku ya maana. Ndugu wanaosoma haya wanatujua, sisi ni watu wa kufungia vikombe kabatini vikisubiri mgeni asiyekuja, na kuacha nailoni kwenye makochi mpaka makochi yanazeeka ndani yake. Lakini hata katika ukoo huu hakuna aliyewahi kutunza mfuko kwa gharama ya kichwa.

Alasiri ile ulikwenda kutazama kuku waliokuwa wakikohoa nyumba ya kule bondeni. Ulipewa mayai. Ulifanya kama ulivyozoea. Mashahidi ni vijana wako wa kituo cha pikipiki, na wamelisimulia tukio hilo kwa uchungu mpaka tumelikariri: mbuzi jike alivuka, ukamsubiri, ukapiga honi, ukaondoka. Mwanawe alikuwa nyuma. Wewe uliyewafundisha watu wote habari za aliye nyuma, uliondoka, na alipochomoka ukamkwepa. Changarawe ikateleza, pikipiki ikalala upande mmoja nawe ukatupwa upande wa pili, kichwa kwenye ukingo wa kalavati. Mwendo ulikuwa wa bibi harusi kweli. Hukuwa na jeraha lingine lolote.

Helmeti ilinasa kwenye usukani, imekaa wima. Mdogo wako ndiye aliyeileta nyumbani ameikumbatia. Mayai hayakupasuka hata moja.

Mkeo hajasamehe jambo hilo, na hasemi uongo ili tangazo lipendeze. Msibani watu walimwambia ni kazi ya Mungu, naye aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alisema Mungu alileta helmeti na mtu akaitia nyasi. Hatukuthubutu kuyapika mayai yale, wala kuyatupa. Yalikaa jikoni mpaka yakaanza kunuka, ndipo mama yako akayachukua asubuhi moja akayazika nyuma ya nyumba bila kusema na mtu. Jirani mwenye mbuzi alikuja na yule mwanambuzi kwa kamba, akasema hawezi tena kumtazama. Tukampokea, tungefanyaje? Sasa amekuwa beberu. Ameshakula pindo la sare za shule za wateja, na mkeo akimfukuza anasimama mlangoni kumwangalia, kisha anarudi. Shemeji kweli.

Pikipiki mdogo wako aliitengeneza, kisha mkeo akaifungia chumba cha cherehani, ufunguo akaufunga kwenye kanga. Wanunuzi walikuja, akawaambia haiuzwi. Aliyeomba kuiazima aliambiwa haiazimwi. Mama yako akamuuliza, "Sasa mwanangu, unaifuga?" Alitaka tu isitoke.

Halafu binti yako, kifungua mimba wako, akamaliza masomo.

Unajua alisomea nini. Wewe ndiye uliyemtia wazimu huo, ukimbeba tangu hajaota meno ya utu uzima akakushikie tochi mazizini. Amepangiwa barabara hii hii, nyumba zile zile, na ofisi ikampa sanduku la chanjo na pole. Usafiri ajitafutie mwenyewe. Wiki nzima alitembea kwa miguu. Siku moja alifika kwenye zizi ng'ombe akiwa ameshakufa, na ndama tumboni, mwenye ng'ombe akamwambia, "Marehemu baba yako angewahi." Jioni hiyo alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake.

"Mama, naomba ufunguo."

"Sina."

"Uko kwenye kanga. Nitavaa helmeti, mama."

"Baba yako naye alikuwa anavaa."

"Baba alivaa kila siku."

"Kila siku isipokuwa siku za mayai."

Mdogo wako akajikuna shingo, akasema, "Shemeji, ukimnyima hii atapanda za watu, na za watu hazina breki." Mama yako akasema mtoto akililia wembe mpe. Kisha akabadili mawazo, akasema hapana, methali hiyo si ya leo.

Mkeo hakulala vizuri. Alimwona binti yako kwenye kalavati kila alipofumba macho. Kulipokucha alifungua chumba, akaitoa pikipiki kwa mikono yake mwenyewe, akavaa ile helmeti ya abiria aliyoikataa mama yako, akapanda nyuma, yeye ambaye hajakanyaga pedali ya pikipiki tangu uondoke.

"Nipeleke bondeni nikuone," alimwambia.

Binti yako alivaa yako. Ilimpwaya kidogo, akabana kamba. Walikwenda. Alipiga honi kabla ya kila kona, na kila honi ilimchoma mkeo moyoni, maana ni ile ile. Karibu na kalavati mbuzi mmoja akavuka. Binti alisimama, mguu chini.

"Kapita. Twende," mkeo alisema, maana hakutaka kukaa mahali pale.

"Bado, mama."

"Hakuna kitu."

"Mwenzake."

Wakakaa. Nyuma yao gari likawapigia honi, dereva akatoa kichwa dirishani, akauliza kama wameota mizizi. Binti yako hakugeuka. Baadaye kichaka kikatikisika, akatoka mwingine, mdogo, akavuka anarukaruka kama aliyetumwa dukani. Mkeo alilia pale nyuma ya mtoto wake, ndani ya helmeti, mahali ambapo mtu hawezi hata kujifuta machozi. Alilia kwa sababu ya hasira. Ulikuwa umefundisha vizuri sana, baba wee. Kwa nini hukuwa mwanafunzi wako mwenyewe?

Waliporudi alimpa ufunguo. Kisha akaingia chumbani, akautoa mfuko nyuma ya mlango, akaupangusa vumbi, akaufunga nyuma ya kiti kwa mkanda wake.

"Huu ulikuwa wa siku ya maana," binti alisema.

"Leo ni siku ya maana. Na kesho. Na helmeti haivuliwi kwa ajili ya mtu, sembuse yai."

Wiki iliyopita binti yako alirudi akiwa amechubuka goti, viatu vimejaa tope. Ndama alimtokea, akanyoosha usukani, akabana breki zote mbili, akasimama, kisha pikipiki ikamlalia taratibu kwenye matope. Helmeti ilikuwa kichwani, ina mkwaruzo mpya ubavuni. Aliutoa mfuko kwa woga akamkabidhi mama yake. Mkeo alifungua zipu. Ndani mlikuwa na uji mtupu, ute na maganda, umevuja mpaka kwenye yale maua ya uzi.

"Mama, samahani. Yamepasuka yote."

Mkeo alikaa chini akacheka mpaka mama yako akatoka kuuliza kuna nini. Tangu uondoke hatujamsikia akicheka namna ile.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakugombeza kila akipita mlango wa chumbani. Na mama yako mzazi, ambaye sasa anavaa helmeti hata akiwa na nywele mpya. Na mdogo wako, shemeji wa kweli. Na vijana wote wa kituo cha pikipiki, wanaotoa somo lako kwa wageni wakidai ni lao. Na binti yako, ambaye watu wa bondeni wameanza kumwita Honi Mdogo. Beberu naye yupo.

Mfuko umechafuka, Daktari. Umefuliwa. Uko kambani unakauka, na kesho unatoka tena. Siku zote tutakukumbuka.