Jalada la Nyuma

Alhamisi, Tororo

Na bado anajiita mwalimu wa hesabu! Nimechefuka mpaka chai imenishinda.

Mwanafunzi wetu Akello aliandika kwamba 91 si namba tasa, kwa sababu saba mara kumi na tatu ni 91. Jibu safi kabisa. Okoth akamkosesha kwa kalamu nyekundu, akamsimamisha darasa zima limcheke.

Nikamfuata ofisini. Alikuwa anamenya njugu, maganda yanadondokea karatasi za mtihani. Akageuza daftari la mtoto, akanionyesha jedwali la kuzidisha lililochapwa jalada la nyuma.

"Madam, tafuta hapa 91. Iko? Haiko. Basi ni tasa."

"Jedwali linaishia kumi na mbili, mwalimu! Namba haziishii hapo."

"Sisi nafundisha ile iko," akasema, akatupia njugu mdomoni. Kinyaa kitupu.

Jioni nikamwita Akello pembeni, nikampa 119. Juzi tu angeijaribu kwa tatu, kwa tano, kisha saba ingemjibu. Leo hakushika hata kalamu. Aligeuza daftari, akapitisha kidole kwenye jalada pole pole mpaka mwisho.

"Ni tasa, madam."