Muhuri wa Mkate wa Mama

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sababu utaijua kabla hujaikunja barua hii.

Kazini mambo ni yaleyale. Tanuri la pili limeharibika tena, na bosi analizunguka akiligombeza kama mtu mzima aliyekosa adabu. Mikate ya madukani inakandwa na mashine, lakini ule wa kanisani bado naukanda kwa mkono jikoni kwa Mama, redio ikiwa imezimwa kama alivyotaka: unga, maji, chumvi, hamira na sala. Ukishakuwa tayari naugonga muhuri wenye msalaba, naupeleka kwa Padri.

Jumapili iliyopita Shemasi alipotuita tupendane ili kwa nia moja tuikiri imani, watu wote walianza Kanuni ya Imani. Mimi midomo ilicheza tu, sauti haikutoka.

Baada ya Liturujia Padri alikaa na wanaojiandaa kubatizwa. Alishika mmoja wa mikate yangu akawaeleza kwamba sisi Waorthodoksi hutumia mkate ulioumuka kwa sababu Bwana wetu yu hai, amefufuka. Akasema Wakristo wa kwanza walitoka na mikate majumbani mwao, na aliyekuwa na ugomvi na ndugu yake aliambiwa akapatane naye kwanza, ndipo sadaka yake ipokelewe. Akawaonyesha anavyokata kipande cha katikati, Mwanakondoo, na kando yake kuweka chembe za walio hai na za waliolala. Mama mmoja muuza mboga akauliza kama wafu wapo kweli pale au ni kuwakumbuka tu. Padri akamjibu kwamba Kanisa ni moja, na mbele ya Kristo hakuna asiyekuwepo.

Kisha akanielekezea kidole mimi, akasema huyu hagusi unga akiwa na kinyongo moyoni. Yule mama akaja kunipa mkono kwa heshima zote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana barua yako ilikuwa mfukoni.

Uliniandikia kwamba tangu tumzike Mama huikaribii Komunyo, unasimama nyuma karibu na mlango. Ulisema utapokeaje, na mama yako mzazi ameondoka na donge lake, akaona afadhali muhuri wake wa mkate uende naye kaburini kuliko uangukie mikononi mwa binti aliyetoroka nyumbani bila kuaga. Uliliandika kwa utani. Nakujua unavyotania ukiumia.

Dada, Mama hakuzikwa na muhuri. Nilikudanganya.

Siku ile ya mazishi ulikuwa unafuta vikombe ukaniuliza muhuri uko wapi, nikakwambia Mama aliomba awekewe kwenye jeneza. Kumbe muhuri ulikuwa ndani ya koti langu, unanichoma ubavuni. Parokiani niliwaambia ameniachia mimi.

Ukweli ni huu. Mchana mmoja nilikuwa namgeuza kitandani, akanishika mkono akasema, "Muhuri mpe dada yako. Mwambie sina neno naye."

Roho iliniuma. Mimi ndiye niliyebaki, nikafua mashuka na kumnywesha maji kwa kijiko, na hata hakuniuliza kama nautaka. Aliyeondoka apewe muhuri, mimi nipewe mashuka. Nilijidai nakunyima kipande cha mti tu, wala sikujua kwamba nakunyima na msamaha wake. Hapana, hata huo ni uongo. Nilijua. Niliuona uso wako ulivyobadilika, nikaendelea kupanga vikombe.

Nimemwambia Padri atafute mtu mwingine wa kukanda, na nimemweleza yote. Hakunikemea. Aliuliza tu kama wewe umeshajua. Nikasema bado.

"Basi anzia huko," akasema.

Muhuri nimeufunga kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama, na dereva wetu wa mikate atakukabidhi pamoja na barua hii. Utaona kona iliyomeguka, ile uliyoiangusha ukiwa mdogo. Mama alikataa katakata kuchongewa mwingine. Usiusugue kwa sabuni, maji ya vuguvugu yanatosha.

Nakuomba radhi, dada yangu. Usiharakishe kunisamehe kwa kunihurumia, mimi nitasubiri. Ila Jumapili toka pale mlangoni, usogee mbele. Mama hana neno nawe.

Msalimie sana Shemeji, wabusu watoto, na mwambie yule mdogo kwamba mjomba wake hajasahau ahadi ya mpira.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makosa,
Kibogoyo