Gari Lililopita Kimya

Umoja, Jumapili

Sylvance ndugu yangu,

Maji ya mfereji yamerudi, na Nuradin wa duka la chini anakusalimu. Jana lile gari la mbio mlilokuwa mkilipenda na Baba lililetwa uwanjani, toleo jipya la petroli na umeme. Vijana walilizomea. Nuradin akaliita friji yenye magurudumu.

Nilikuwa nimempeleka Baba. Tangu apofuke, magari huyajua kwa mngurumo. Likampita hapo mbele kwa umeme tu, kimya kabisa. Akanishika mkono: "Amondi, wataliwasha saa ngapi?"

"Bado kidogo, Baba."

Ujumbe wako kwamba hutarudi tena nyumbani niliupata. Kila jioni akiniuliza unakuja lini, namjibu vile vile. Mpigie wewe umwambie. Mimi nimeshindwa.

Dada yako,
Amondi