Bruda Anataka Kunipeleka Italia, Mama Amenyamaza

Kwako Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka hapa Isiolo, mimi sijawahi kuandikia gazeti na mkono yangu si nzuri kwa sababu shule nilifika darasa la tatu tu, ukiona makosa utarekebisha, lakini tafadhali nijibu mbele ya mwisho wa mwezi wa tisa maana siku hiyo Bruda anakata tiketi na mimi nitakuwa nimeharibu mambo na watu wawili.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, Mturukana, kazi yangu ni kuchonga mawe na kujenga pale misheni, nafanya na mzee mmoja Mwitaliano tunaita Bruda, yeye si padre, ni fundi, na ndiye alinifundisha kushika patasi miaka sita imepita. Bruda haongei sana na mimi pia siongei, tunaweza kujenga kutoka asubuhi mpaka saa sita bila neno, mimi naangalia mkono yake tu, akikuna shingo najua hiyo jiwe imekataa. Kwa chumba yake ameweka picha ya hekalu ya zamani ya huko kwao, nguzo kubwa kubwa na mawe zimekaa moja juu ya ingine bila simiti hata kidogo, na anasema imesimama zaidi ya miaka elfu mbili. Mimi nimeangalia hiyo picha sana lakini picha haionyeshi kona, na mimi nataka kuona kona, vile hao watu waligeuza.

Sasa mwezi wa saba tukikunywa chai Bruda akasema anaenda kwao likizo mwezi wa kumi, siku kumi tu, na kwa sababu amezeeka pengine ni ya mwisho, na watu wa kwao wamekubali kulipia watu wawili, anataka twende na mimi. Akachukua karatasi ya mfuko ya simiti akachora safari yote na penseli, tunashuka Roma, tunapanda treni mpaka kwa dada yake karibu na bahari upande wa Napoli, siku mbili kupumzika na kula samaki, siku mbili kutembea ile mji inaitwa Pompei ambayo mlima iliifunika na jivu na watu wakaja wakaichimbua tena, barabara iko, nyumba ziko, hata mahali ya kuoka mkate iko, halafu siku moja ni ya hekalu ya ile picha, halafu bahari tena, tunarudi. Akaniuliza kama ni sawa nikasema sawa, mimi kwa mtu mkubwa sijui kusema ingine.

Mwenzangu wa kazi, Mborana anaitwa Dabasso, alicheka mpaka akaweka nyundo chini, akasema, "Wewe Lochoro unapanda ndege kwenda kuona nyumba imeanguka? Kuja kwangu Chechelesi nikuonyeshe choo yangu, hata pasipoti sikuulizi."

Hiyo ilikuwa mzaha. Shida ni mama. Baba alikufa zamani, mama anakaa Kipsing na mbuzi, nikaenda kumwambia. Alisikiza yote akiwa anakamua, halafu akauliza, "Hiyo boma, watu walihama ama walikufa?" Nikamwambia walikufa. Akauliza kama ni wote, nikasema Bruda anasema wengi. Sasa kwetu, Mama Mshauri, mzee akikufa anazikwa kwa boma, watu wanahama, na hiyo mahali huendi kutembeatembea ukiangalia vyombo ya wenyewe, ukipita unaacha tumbako kidogo unaenda. Mama akanyamaza mpaka akamaliza kukamua mbuzi wawili. Halafu akauliza, "Na huyo mzee ananijua mimi?" Nikamwambia ndiyo, anajua niko na mama. Akasema, "Sijauliza hiyo," akabeba maziwa akaenda.

Siku zote nikitoka nyumbani, hata kama ni kurudi Isiolo tu, mama anaweka maji kwa mdomo ananipulizia kifuani, hiyo ni baraka, ndio niende. Hiyo asubuhi hakunipulizia. Alikuwa anaangalia mbuzi kama mimi nimeshaenda.

Nilirudi na Bruda akaniuliza kama mama amefurahi, nikatingisha kichwa. Juma ingine akauliza tena nikatingisha tena, na yeye akaandikia dada yake atengeneze kitanda. Picha ya pasipoti nimepiga. Dabasso anasema nimwambie mama nimeitwa Meru kujenga shule, siku kumi si nyingi, nitarudi na sukari na hatajua. Mimi pia nimefikiria kumwambia Bruda pasipoti imekataliwa, hiyo ni rahisi, lakini nikifikiria sitaona ile kona nasikia vibaya sana, na nikifikiria kupanda ndege bila maji ya mama nasikia vibaya zaidi. Nichague uongo gani, ama kuna njia ingine mimi sioni?

Ni mimi fundi wa mawe, Isiolo.

JIBU

Fundi wangu, mwandiko wako unasomeka vizuri, usiuonee haya. Cha kuonea haya ni kile kichwa ulichotingisha mara mbili. Mzee wa watu ameandika barua kwao, dada mtu anatandika kitanda, kwa furaha ambayo mama yako hakuwa nayo. Hukutamka neno, lakini ulidanganya.

Uongo wa Meru ufute kabisa. Ndege huchelewa. Watu huugua ugenini. Ukivunjika mguu huko Napoli, mama yako atafunga safari kwenda Meru kuuliza shule ambayo haipo, na aibu ya kusimama barabarani itakuwa yake, si ya huyo Dabasso. Uongo wa pasipoti nao utamvunja moyo mzee aliyekupa kazi ya mikono, na kesho asubuhi bado mtajenga ukuta mmoja, wewe ukikwepa macho yake.

Sasa nisikilize. Wewe ni kijana wa kuangalia, unajua hata mzee akijikuna shingo ana maana gani. Mbona hukumwangalia mama yako hivyo? Alikuuliza juu ya wafu, ukamjibu. Akanyamaza, akafikiri, lakini hakusema usiende. Isome tena barua yako, neno hilo halimo. Ndipo akauliza kama huyo mzee anamjua. Mwanangu, huyu mama analea peke yake tangu baba yako afariki. Miaka sita mwanawe yuko mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwake, na sasa mtu huyo anamvusha bahari kwa ruhusa ya nani? Ya kichwa chako wewe. Kwenu, na kwetu sisi wengine wengi, anayetaka kwenda mbali na mtoto wa watu huja kwanza kwa wenyewe. Bruda hakuja kwa sababu alikuona mtu mzima, na kwa sababu hukumwambia. Sitamlaumu sana. Wewe ndiye uliyezaliwa huko.

Kesho, kabla hamjagusa jiwe, mwambie: "Bruda, nilikudanganya. Mama hajakubali kwa sababu hajaombwa." Maneno hayo yanatosha, hata mtu wa haya anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Halafu Jumamosi mpeleke Kipsing. Aende na ile karatasi aliyochora, aketi chini, aeleze mwenyewe mtalala wapi, mtakula nini, mtarudi siku gani. Mama akitaka siku za Pompei zipunguzwe, zipunguzwe. Akikubali, muulize mtu akiingia mahali pale afanye nini na aache nini, maana yeye anajua na Bruda hajui, na mlifanye hilo bila kuona aibu mbele ya watalii.

Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Inawezekana akamsikiliza mzee mpaka mwisho na bado aseme hapana. Ikiwa hivyo, huendi, wala hununi. Umeshajifunza kazi bila kuiona hiyo kona, utaendelea. Lakini hapana ya mtu aliyeombwa si sawa na kimya cha mtu aliyerukwa bila kuulizwa, na wewe kwa sasa huna jibu lolote la mama yako.

Jambo la mwisho. Mama yako hajui lugha ya Bruda, na Bruda, nadhani, hajui ya mama yako. Kwa hiyo siku hiyo wewe ndiwe utakayekuwa kinywa cha wote wawili. Usipunguze ukali, usiongeze sukari. Mama akisema neno la kumkwaruza mzee, lipeleke vile vile. Mzee akikosa la kujibu, mwache akose. Na wakikuuliza wewe unataka nini, sema kwa sauti.