Fomalini ya Mtani Wangu

Mtani wangu Mluguru,

Shikamoo sikupi, maana tulizaliwa mwaka mmoja, na wewe umetangulia kwa pupa yako tu. Nakuandikia neno ambalo waombolezaji wote walikuficha: ulinuka. Si kunuka kama maiti, afadhali ingekuwa hivyo. Ulinuka dawa. Mpaka leo nikifunua sufuria ya nyama naifunika tena.

Unakumbuka kule kiwandani Turiani, tumekalia makapi ya miwa, ulivyonitisha? "Mnyamwezi, siku yangu ikifika uchekeshe watu. Ukilia, naamka nakuzaba kibao." Nikakujibu, "Nani akulilie, mla magimbi wewe?" Tukapeana mikono. Mtani halii msibani, ni sheria tangu babu zangu walipopita kwenu na mizigo begani.

Sasa binti yako Yustina yuko ng'ambo, analia kwenye simu: "Baba mdogo, msimzike kabla sijamwona uso!" Ndugu zako wakaamua upigwe dawa usioze. Nani akusindikize mochwari mjini? Mimi hapa, niliyeendesha lori mpaka Lubumbashi. Nikajipiga kifua, maiti kitu gani bwana.

Mhudumu alikuwa mama mmoja mnene, buti za mpira, barakoa. "Mzee, subiri nje."

"Dada, mimi nimefika Kongo."

"Haya, karibu Kongo."

Yaliyofuata nayaandika huku natema mate. Alikuchana shingoni, akatafuta mshipa, akachomeka mpira. Dawa ikawa inaingia huku, damu yako inatokea kule, nyeusi, nzito kama molasi ya kiwandani, inateremka kwenye mfereji kwa uvivu. Pyuu! Nikaanza kumuuliza maswali, maana mdomo ukiongea hautapiki. Akasema mtu akifa, tumbo halipewi taarifa. Yale maji yaliyokuwa yanasaga ugali yanaanza kumsaga mwenyewe, na bakteria, waliokuwa wapangaji tu utumboni, wanakula mpaka kuta za nyumba. Fomalini yenyewe ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ikiingia mwilini inazikamata protini na kuzifunga pamoja, nyama inakaza kama ute wa yai kwenye moto. Bakteria wengi wanakufa, na waliobaki wanakuta chakula kisichotafunika.

"Kwa hiyo haozi tena?"

"Ataoza. Tumemwomba asubiri tu."

Yai la kuchemsha, mtani! Wewe! Nikagusa ule mkono tuliopeana: baridi, mgumu kama sabuni ya mche. Pamba puani. Macho yakawaka, machozi yakamwagika kama bomba limepasuka.

"Ni gesi hiyo," mama akasema. "Inachoma macho."

Nikamshukuru Mungu. Ni gesi.

Yustina alipofika, jeneza likafunguliwa kwenu Mgeta. Harufu ikatupiga usoni. Mimi nimeziba pua, nimekunja sura kama niliyelamba shubiri. Yeye akakushika lile shavu lililokakamaa, akalipapasa taratibu. "Ni baba," akasema. "Ni yeye kabisa." Pembeni nikasikia shangazi zako: "Heee, mtani analia!"

"Nani analia? Huyu mtu mmemjaza fomalini kama pipa, njooni mnuse!"

Watu wakacheka, hata Yustina akacheka. Nikasema moyoni, umeona? Kibao chako kibaki mkononi.

Tukakupandisha mlimani kwa mabega, kile kinjia kisichopitika kwa gari, tukakufukia. Upepo wa kwenu ukafagia harufu yote, ikabaki ya udongo tu na majani mabichi. Nilikuwa nimekuandalia kichekesho kimoja kikubwa cha mwisho. Nikasimama juu ya kaburi, nikafungua mdomo, kikatoka kitu kingine kabisa. Kifua kikaniruka kama cha mtoto aliyenyang'anywa ziwa.

Yustina akanishika mkono. "Baba mdogo," akasema polepole, "dawa tumeshaifukia."

Basi, njoo unizabe hicho kibao. Shavu hili hapa. Ila uje mapema, yule mama alisema dawa haishiki milele.

Ni mimi, mtani wako aliyevunja sheria,
Mnyamwezi